Mche Juu ya Sahani

Nyinyi mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wenzenu wa rika lenu, kaeni vizuri kwanza na wekeni simu chini. Najua mtaisoma hukohuko kwenye simu, lakini nimeshasema. Mimi sikusoma sana. Chuoni nilikhitimu msahafu, skuli nilikwenda madarasa manne, huko Unguja kabla hatujaja huku Omani. Yaliyobaki nimejifunza jikoni. Kwa hivyo msitafute maneno ya kupambwa humu.

Nna jambo moja tu la kusema, nalo ni la mwanangu wa mwisho, kitinda mimba wangu, ambaye yuko jela. Nyinyi mnanong'ona mkidhani bibi masikio yamekufa. Wapo wasemao bibi alimfungisha mwanawe. Wapo wasemao bibi alikuwa akipanda bangi pamoja naye. Nakuambieni yote mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana naandika, ili mkisema mseme sawasawa.

Nyumba yetu ya Khuwair ya Kusini mnaijua. Juu, penye matangi ya maji, kuna chumba kimoja kilichokuwa stoo ya magodoro ya wageni. Sasa kina kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Mwanangu alisoma nje akarudi mhandisi. Akapata kazi kwenye mafuta, akanunua gari, akachumbia. Kisha kampuni yake ikapunguza watu na yeye akawa katika waliopunguzwa. Gari ikauzwa. Wale wazee wa binti walingoja mwaka, wakaja wakakaa kwenye majlis yetu ya wageni, wakanywa kahawa, wakasema kila kitu ni nasibu. Walikuwa na adabu sana. Afadhali wangetukana.

Baada ya hapo alilala miaka mitatu. Nisemapo alilala nna maana alilala. Adhuhuri inaadhiniwa, mtoto wa miaka thelathini na nne yumo kitandani na mapazia yamefungwa. Nikibisha mlango anasema, "Naam, Mama, naamka," na haamki. Nilimwekea chakula kwenye trei nje ya mlango kama paka. Nilimsomea, nikamfukizia, nikamtukana, nikamlilia. Nikamwambia nenda ukauze hata samaki Sidab kwa jamaa za baba yako. Akanambia, "Mama, nikauze samaki na shahada mbili?" Nikamwambia shahada hazina magamba, samaki ana magamba, utajua kipi cha kweli. Hakucheka.

Sasa, mama aliyemwona mtoto wake amelala hivyo miaka mitatu, asubuhi moja akimwona ameamka saa kumi na mbili, ameoga, anabeba maboksi kupanda ngazi, haulizi ndani ya maboksi mna nini. Anamshukuru Mungu kwanza.

Nilimuuliza baadaye, nilipokwisha kushukuru.

"Nini hizo?"

"Taa, Mama. Nataka kulima."

"Kulima? Juu ya nyumba?"

"Ndani ya chumba. Siku hizi mimea haihitaji jua."

"Jua la Maskati limekukosea nini? Limekaa bure tu huko nje."

Hapo alicheka. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu posa kurudi. Kwa mcheko ule mmoja, wallahi, angeniambia anapanda miba ningembebea maji.

Na maji nilimbebea.

Alikitengeneza chumba mwenyewe. Kuta akazibandika karatasi zinazong'ara kama zile tunazofungia nyama ya kuoka. Taa zilikuwa za rangi ya zambarau, ukiingia unajiona mikono yako kama ya maiti. Palikuwa na panka mbili ndogo, kiyoyozi hakizimwi, na saa ya kuwasha na kuzima taa, ili mimea idhani kumekucha na kumekuchwa. Nilimwambia, mtoto wewe, hata mmea unaudanganya? Akasema, "Naupa siku yake, Mama." Alisema kwa upole, kama mtu anayemsemesha mtoto mchanga.

Lakini mbegu hazikuota. Alikwenda juu asubuhi na jioni, akashuka uso umemshuka. Wiki ikapita. Nikaanza kuogopa atarudi kitandani. Siku ya nane akaja jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama, njoo unitazamie."

Watu wote wanajua mkono wangu unaotesha. Mrehani wangu pale uani mlikuwa mkiuona, na asumini, na mpilipili mbuzi uliokuwa ukizaa mwaka mzima katika ndoo iliyovunjika. Toka utoto wangu watu hunipa mbegu zao zilizowashinda. Basi nilipanda ngazi zile kwa magoti yangu haya mabovu, nikazitazama, nikamwambia, "Umezizamisha. Mbegu si samaki."

Alikuwa na nyingine chache kwenye bahasha. Nikazichukua. Nilizifanyia kama mama yangu alivyokuwa akifanya mbegu za pilipili. Siandiki namna gani, maana sitaki mtu aje kusema alijifunza kwangu. Siku ya nne zilichungulia, nyeupe, zimepinda shingo. Nikazisomea Alhamdu na kuzipulizia. Mwanangu akanibusu mkono. Akatia kitanda chake juu hukohuko karibu na mlango wa chumba kile, akawa anaamka kabla ya mimi.

Nilimuuliza mche gani huu.

"Dawa, Mama. Dawa ya maumivu. Wazungu wanaipanda kwa wingi."

"Ya magoti inafaa?"

"Inafaa kila kitu," akasema, akageuka kurekebisha panka.

Mtaniuliza, Bibi, hukuijua? Wewe mtu wa Unguja, hukuijua bangi? Sikuijua. Na hili ndilo nalolitaka mlifahamu. Sisi tulilelewa majumbani mwa watu wenye haya. Neno lile halikutajwa. Palikuwa na kichochoro nyuma ya skuli ambapo wavuvi walikaa wakavuta, na sisi watoto wa kike tukipita tuliambiwa tushike buibui ya mama na tutazame chini. Tukatazama chini. Nilijua ni haramu, nilijua inaharibu watu, nilijua mpaka majina ya wanaume wa mtaani iliowaharibu. Jani lake sikupata kuliona. Waliotukataza walituficha hata sura yake, wakaona ndiyo malezi. Na mimi nikawalea wangu hivyohivyo. Ungenionesha pale jani la bangi na jani la muhogo, ningekwambia haya mawili ni ndugu.

Miche ikakua. Harufu nayo ikaanza, harufu nzito, ya kijani, kama majani yaliyokatwa na kurowa. Mwanangu akanijia na mfuko wa ubani wa Dhofar, ule mzuri wa kijani ambao mimi huutoa kwa wageni tu. "Fukiza kila siku, Mama. Nyumba inapendeza ikinukia." Niliona mtoto amerudi kuwa mtoto, anamkumbuka mama yake kwa ubani. Nikafukiza. Nilizunguka na chetezo ngazi zote, chumba kwa chumba, kila baada ya Alasiri. Moshi ulipanda mpaka juu, na watu waliopita njiani walisema nyumba ya bibi inanukia kama msikiti.

Kulikuwa na dada wa kazi, mtu wa Tanga, mnamkumbuka, yule aliyekuwa akiimba akipiga pasi. Siku moja alikuwa anapara samaki, akanusa, akauliza:

"Bibi, kaka analima nini huko juu?"

"Dawa."

Kisu chake kikasimama. Kisha akaendelea na samaki wake.

"Haya, Bibi. Dawa."

Sasa nije kwenye sahani.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama mwenye watoto watatu, ni mtu wa kwetu, wazee wake walitoka Tabora. Kwa miaka kumi na moja sahani zilipita baina ya mlango wake na wangu. Yeye bokoboko, mimi mkate wa kumimina. Yeye sambusa, mimi vitumbua. Nyinyi wa sasa hamna haya, mnarudisha vyombo vya watu vitupu, vimeoshwa kwa mashine, mnasema asante kwa simu. Sisi sahani ya jirani hairudi tupu. Kama huna chakula unatia hata ndimu mbili, hata sukari. Mama yangu aliwahi kurudisha bakuli la mtu na vijiti vitatu vya mrehani, siku ambayo nyumbani hamkuwa na kitu kabisa, na yule mtu hakujua kama tumelala na njaa.

Alhamisi moja ilikuwepo kwangu sahani ya jirani, ile ya maua ya buluu ukingoni. Ilikuwa imelala kwangu siku tatu na ilinikera. Nami nimefunga Sunna, sikupika, dada wa kazi yuko mapumziko. Nikafungua friji, hamna cha maana. Nikatazama uani nikate mrehani, lakini nilikuwa nimeukata wote juzi kwa ajili ya harusi.

Nikapanda juu. Mwanangu hakuwepo. Karibu na mlango, chini, alikuwa ameweka miche minne pembeni, mirefu, yenye afya. Asubuhi alikuwa amenambia, "Hii itatupwa, Mama. Ni madume, haina kazi." Roho ilikuwa imeniuma. Kutupa mche wenye afya? Mikono yangu imeutoa kwenye mbegu? Nikachukua mmoja, mzuri kuliko yote, nikautia kwenye kopo la samli na mchanga wake, nikaliweka kopo juu ya sahani, nikafunika kitambaa changu cheupe cha kushona kwa mkono. Nikatoka, nikabisha.

"Bi mkubwa! Umejisumbua nini tena?"

"Nimekuletea dawa. Unalalamika mgongo kila siku. Wacha ikue kidogo, kisha nitamuuliza mwanangu inatumiwa vipi."

"Mashaallah, mche wenyewe mzuri. Na mkono wako ulivyo, utanizalia mpaka dirishani."

Akauweka dirishani. Dirisha la mbele, linalotazama njia.

Ijumaa baada ya Swala alikuwa na wageni wa chakula cha mchana, na katika wageni yumo kaka yake, ambaye ni askari wa shurta, polisi wa huku. Haya sikuyaona, nilihadithiwa. Alikuwa anaosha mikono, akainua macho, akauona.

Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini na chetezo changu ninakitia makaa. Mlango ukabishwa haraka haraka. Jirani ameingia hana hata viatu. Mkononi ana sahani ya maua ya buluu, juu yake kopo, juu ya kopo kitambaa changu kilekile. Akaiweka mezani kama kitu kinachounguza.

"Bi mkubwa, unajua hichi ni nini?"

"Dawa. Nilikwambia."

"Si dawa. Ni bangi."

Nikamwambia asitaje neno hilo nyumbani kwangu. Ndiyo, hilo ndilo la kwanza nililosema. Mtu ananambia nyumba inaungua, mimi namwambia asitaje moto.

Akaanza kulia. "Kaka yangu ameiona. Ananambia hawezi kunyamaza, akinyamaza kazi yake itakwenda na mimi nitaingia jela. Kaniuliza nimeitoa wapi na mimi, Mungu anisamehe, nimesema. Niliona ni kopo tu. Anasema akishasali Alasiri anakwenda kituoni. Nimekuja kwa sababu ya chumvi tuliyokula mimi na wewe. Mwambie mwanao aende mwenyewe kabla."

Akatoka. Sahani akaiacha.

Nilipanda ngazi zile sijui vipi. Mwanangu alikuwa ndani, ameinama, anayafuta majani vumbi kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja. Nikasimama mlangoni.

"Jina lake nani mmea huu?"

Hakuinua kichwa. Akaendelea na jani lile mpaka akalimaliza.

"Mama, unajua."

"Sijui. Nataka nisikie kwa mdomo wako."

Akalisema. Katika ule mwanga wa zambarau alikuwa kama mtu aliyekwisha kukafiniwa.

Nikamwambia habari ya sahani. Nilidhani atapiga kelele, atanilaumu. Alikaa chini kwenye boksi tu.

"Ile miche madume," akasema. "Nilikwambia itatupwa."

"Vaa kanzu. Twende sisi wenyewe, sasa hivi, tukaseme."

"Tukaseme nini? Mimi ni mwizi wa mbuzi niende nikarudishe mbuzi? Hii haina kurudisha, Mama."

"Ukienda mwenyewe watakuhurumia."

"Labda. Labda watanipunguzia mwaka mmoja katika kumi na tano." Akaitazama ile miche. "Ilibaki wiki tatu tu. Kuna watu wanaisubiri. Ningeimaliza hii, nikaacha."

"Na ungefanya nini baada ya kuacha?"

Akakikamua kile kitambaa mkononi. Nami nilijua jibu, nilikuwa nikiliwekea chakula kwenye trei miaka mitatu.

Nyinyi mtasema, kwa nini hakukimbia, kwa nini hukumfukuza aende Dubai, aende popote. Paspoti ilikuwa sandukuni, nilimletea. Hata mkono hakuunyosha kuipokea. Mtu aliyelala miaka mitatu akaamka kwa ajili ya kitu kimoja, kitu hicho kikimtoka hana pa kukimbilia. Nililiona hilo usoni mwake, nikaacha kumsukuma. Pengine hapo ndipo nilipokosea zaidi. Sijui. Nimelipima kila upande na linanishinda.

Nikaanza kung'oa. Nilivuta buibui begani, nikaushika mche wa kwanza shinani nikaung'oa na mizizi yake. Wa pili. Wa tatu. Mizizi ilikuwa mizuri, nyeupe, imesokotana, kama ya mmea unaopendwa. Nilipofika wa tano mkono wangu ukasita. Mungu ananiona, nilisita kwa sababu ulikuwa umeota vizuri na mimi ndiye niliyeuotesha. Nimekaa na kusita kule mpaka leo. Hakuwa mwanangu niliyemsikitikia pale, ulikuwa mmea.

Kisha nikaendelea. Nikaijaza kwenye mfuko wa nguo chafu, nikashuka nao jikoni, nikasimama nao katikati ya jikoni. Nitaipeleka wapi? Kuichoma, harufu itafika Muttrah. Kuitupa, pipa liko mlangoni kwa jirani. Chooni haiendi. Nilikuwa bado nimesimama pale, mfuko umenilemea, walipobisha.

Askari walikuwa wanne na mwanamke mmoja. Walinitolea salamu vizuri, wakavua hata viatu. Yule mkubwa wao alikuwa kijana, makamo ya mwanangu, akaniita mama kwa Kiarabu, akauliza mfuko ule wa nani.

Nikasema, "Wangu. Mimi ndiye niliyeiotesha. Muulizeni mtu yeyote, nyumba hii hakuna kinachoota bila mkono wangu."

Na sikusema uwongo.

Sauti ikatoka ngazini. Mwanangu alikuwa anashuka, amevaa kanzu safi na kofia, kama anakwenda kwenye posa. Akasema nao Kiarabu, taratibu. "Mama yangu hajui hata jina la mmea huu. Ni wangu mimi peke yangu." Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo alidhani hawaifahamu, "Nyamaza, Mama. Kwa mara moja tu katika umri wako, nyamaza."

Nikanyamaza. Walimpitisha ukumbini, penye chetezo, na makaa yalikuwa bado hayajafa. Kopo la samli walilichukua, na taa, na mfuko, na bahasha. Sahani waliiacha mezani.

Mimi nilihojiwa siku mbili nikarudishwa. Wakili alisema nishukuru. Dada wa kazi nilimkuta ameshafunga sanduku lake, anaogopa. Nikamuuliza kama alijua.

"Bibi, mie nilijua siku ya kwanza. Kwetu hata mbuzi wanaijua."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Uliponiambia dawa, ningekwambia mama mwenye nyumba muongo? Mimi ni wa kazi tu."

Nilimpa kanga mbili, na sikumlaumu. Nyumba nzima ilijua kunyamaza, na mimi ndiye niliyeifundisha.

Hukumu ilitoka. Miaka yenyewe sitaiandika, lakini ni mingi kuliko niliyobakiwa nayo mimi, na hesabu hiyo tunaijua mimi na yeye, hatuitaji. Nakwenda kumwona wanaponiruhusu. Tunakaa na kioo baina yetu, kila mmoja na simu yake ya waya. Amenenepa kidogo na ndevu zina mvi. Analala sana, ananambia. Nilipomsikia anasema hivyo nilijua kwamba yote yale, taa na panka na kuamka alfajiri, hayakubakisha hata chembe. Amerudi kulekule kitandani, ila sasa mlango unafungwa na mtu mwengine.

Mara ya mwisho aliniuliza, "Mrehani wako haujambo?"

"Nimeung'oa."

"Na asumini?"

"Nayo."

"Kwa nini, Mama? Vile havikuwa na kosa."

"Na mimi nilikuwa na kosa gani?" nikamwambia. Muda ukaisha. Msije mkanambia nipande tena. Kuna mjukuu mmoja katika nyinyi ameniletea mbegu za nyanya siku ya Idi. Zimo ndani ya droo, na zitabaki humo.

Na mwengine katika nyinyi alinambia, "Bibi, nchi nyingine inauzwa dukani, daktari anaandika." Nikamwambia nchi nyingine ami yako hayumo. Yumo katika hii. Nawe ukitaka kunisomesha sheria za watu, nenda kamsomeshe yeye, kioo kile kinapitisha sauti vizuri.

Sahani ikabaki kwangu. Jirani hakuja kuidai na mimi sikuipeleka. Tulipokutana njiani tulisalimiana, tukaulizana hali ya watoto, yeye macho chini na mimi macho mbele. Sina chuki naye. Alifanya la haki na alikuja bila viatu kunionya, na wengine wasingekuja. Lakini sahani ilikuwa inanitazama kutoka juu ya kabati mwaka mzima na miezi, maua yake ya buluu, na nilikuwa sijui niitie nini.

Wiki iliyopita wamehama. Wamejenga Maabela. Asubuhi lori lilisimama nje, wanapakia makochi. Mjukuu wangu wa kike, anayekaa nami sasa, aliamka mapema bila kuambiwa akapika mkate wa kumimina, umeumuka vizuri, una iliki, na akaishusha ile sahani akaipangusa. Akauweka mkate juu yake, akaufunika kitambaa. Kitambaa kilekile. Hakujua. Dada mpya wa kazi yuko mlangoni ameshavaa viatu, tayari kupeleka. Wote wawili wananitazama, wanafurahi, wanaona wamenifanyia jambo jema la kupatana.

Mimi niliutazama mfuniko ule. Nikamwona jirani yangu anaipokea sahani mbele ya wanawe, anasema Mashaallah, na kabla ya kufunua mkono unasita. Akishafunua, atautazama mkate. Ataunusa. Atasema asante na ataingia ndani, na pengine atautupa, kisha moyo utamsuta kwa kuutupa, miaka kumi na moja tumekula pamoja. Kwa nini nimtwike kazi hiyo, siku ya kuhama kwake? Chakula cha mkono wangu hakiliki tena upande wa pili wa ukuta, na hapana wa kulaumiwa zaidi ya mimi niliyekipeleka.

Nikanyanyuka. Nikaufunua mkate nikautoa, nikaukabidhi kwa mjukuu wangu.

"Mkate uleni nyinyi. Sahani ioshwe, ifutwe ikauke, irudishwe tupu, na mwenye kuipeleka asiseme ila salamu. Na kuanzia leo kitu chochote kisitoke nyumba hii kimefunikwa."